Seva Itakayoingia Kwenye Begi

Ingia katika buro ya zoni ya afya kwenye njia itokayo Goma kupitia Sake na Masisi hadi Walikale, uhesabu mashine zilizomo. Mhasibu ana kompyuta ya mezani yenye Windows 7, maana programu yake ya hesabu haikubali nyingine. Kuna laptopu za Windows 10 zilizoachwa na mradi uliokwisha, na moja ya Windows 11 iliyokuja na mradi unaoanza. Kuna Mac ya mshauri anayefika na kuondoka, laptopu ya Ubuntu, tableti za Android za wasimamizi, na skana. Kila mashine imeletwa na mkono wake, na faili zinatembea kati yao kwa flashi.

Kila mwaka bajeti inapoandikwa, swali la seva ya pamoja linafufuka, nalo hujadiliwa kama swali la bei. Mimi naliona ni swali la nani ataweza kuitengeneza barabara ya Goma ikifungwa, na nani atayasoma majina yaliyomo siku wenyewe wamekimbia. Nimekusanya hoja za pande zote na kuziweka kwenye meza ya watu watano. Ni sauti za vyeo, si za watu fulani.

MHASIBU: Sioni shida iko wapi. Folda ya pamoja iko tayari kwenye mashine yangu. Mtu anaingia, anachukua, anaweka. Tununue kitu cha nini?

FUNDI: Papa, samahani, mashine yako ndiyo shida yenyewe, na wewe huna kosa. Microsoft iliiacha Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Tangu siku ile, tundu jipya likionekana halizibwi. Na bado inakubali lugha ya zamani kabisa ya kushirikisha faili, ile SMB ya kwanza. WannaCry ilipita humo tarehe 12 Mei 2017, ikafunga kompyuta za hospitali za Uingereza hadi miadi ya wagonjwa ikafutwa. Kiraka kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka ule. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamekiweka, na wengi wao walikuwa na Windows 7 hii hii. Sasa sisi ambao intaneti tunaipata kwa kudonoadonoa, viraka tunaviweka lini?

MHASIBU: Na kama intaneti yenyewe haipo, virusi vya Uingereza vitapitia wapi?

MAMA TAKWIMU: Kwenye flashi, Papa. Inatoka duka la fotokopi inaingia kwangu, kutoka kwangu inaingia kwako. Asubuhi unafungua, folda zote zimegeuka vijialama vya mkato, na ripoti ya juma haipo. Si mara moja wala mbili tumeandika upya takwimu za surua kutoka kwenye karatasi, wakati kituo cha afya kinasubiri kujibiwa.

FUNDI: Seva haitaiua flashi, lakini itaiondolea kazi ya kila siku. Faili likikaa mahali pamoja, hakuna haja ya kulibeba mfukoni kutoka meza hadi meza.

MAMA TAKWIMU: Na skana? Ulituambia haiwezi kutuma karatasi kwenye folda ya pamoja ila kwa lugha hiyo ya zamani.

FUNDI: Nayo itatengewa folda yake pembeni, kwa njia ya FTP, isiyofika popote pengine. Ikishindikana, iandike kwenye flashi yake yenyewe. Hatuwezi kuiacha buro nzima wazi kwa ajili ya mashine moja.

Hili la skana linaonekana dogo, lakini katika buro nyingi ndilo linaloamua kila kitu bila mtu kusema. SMB ya kwanza haizimwi kwa sababu mashine moja kwenye kona haijui lugha nyingine, na kompyuta zote zilizobaki zinabaki hatarini kwa ajili yake. Anayetaka kuchagua seva aanze kwa kuuliza ni mashine gani iliyo dhaifu kuliko zote, na kama kuna haja ya wengine wote kuifuata.

MHASIBU: Haya, mashine yangu imezeeka, nakubali. Basi tununue Windows Server. Kitu chenye leseni, chenye cheti. Mkaguzi akija nitamwonyesha karatasi. Mambo ya bure mimi yananitia wasiwasi, maana kikiharibika nitamshika nani?

FUNDI: Leseni ya seva ni mwanzo tu, Papa. Juu yake kila mtumiaji au kila mashine inayoingia inahitaji leseni yake. Tukiongezeka, tunalipa tena.

MHASIBU: Mfadhili atalipa.

FUNDI: Atalipa mwaka huu. Lakini hebu tuseme pesa ipo. Ukishakuwa na Windows Server, utaambiwa uweke domeni, kila mtu aingie kwa jina moja kwenye kompyuta yoyote. Ni kitu kizuri, sikikatai. Lakini ulinzi wake unategemea saa. Saa ya laptopu na saa ya seva zikipishana kwa zaidi ya dakika 5, mtu anaweza kukataliwa kuingia, hata kama neno lake la siri ni sahihi.

DAKTARI: Saa za kompyuta si hujirekebisha zenyewe?

FUNDI: Kwa intaneti, Dokta. Bila intaneti mashine inaweza kwenda na saa yake. Na ile betri ndogo ya duara, iliyo kama sarafu ndani ya kompyuta, ikifa, kila umeme unapokatika mashine inaamka ikidhani ni mwaka ilipotengenezwa.

MAMA TAKWIMU: Kweli. Ile ya mapokezi kila Jumatatu inasema ni 2009. Ripoti zikipangwa kwa tarehe, yake inakwenda chini kabisa, watu wanadhani haikuletwa.

FUNDI: Fikiria mashine ile iwe ndani ya domeni. Mhudumu wa mapokezi anakuja saa 1 na nusu asubuhi, wagonjwa wamepanga mstari, yeye hawezi kuingia, na anayejua sababu yuko Goma. Kwa buro ya kompyuta 10 au 15, mimi nasema tusiweke domeni. Kila mtu apewe jina na neno la siri kwenye seva, basi. Na betri hizo za sarafu tununue za kutosha. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha.

MHASIBU: Kuna haja gani ya neno la siri kwa kila mtu? Sisi tunajuana.

FUNDI: Hata ukitaka kuacha wazi, mashine mpya zitakataa. Windows 11 ya Pro, katika toleo lililotoka 2024, haikubali tena kuingia kwenye folda ya pamoja kama mgeni asiye na jina. Ndiyo maana laptopu ya mradi mpya haioni folda yako, Papa, na watu wanasema imeharibika. Haijaharibika. Inakataa.

Hapa Daktari aliuliza kuhusu masanduku yanayouzwa yakiwa tayari, yale ya Synology na QNAP, yenye diski mbili au nne ndani na ukurasa wa mipangilio kwa Kifaransa. Ni swali la haki, kwa sababu mtu asiye fundi anaweza kulisimamisha sanduku la namna hiyo kwa mchana mmoja. Synology kwa ndani ni Linux, na kinachogawa faili humo ni Samba, programu ile ile ya bure ambayo Fundi anataka kuiweka kwa mkono kwenye laptopu ya zamani. Unacholipia ni urahisi wa kuiendesha. Lakini urahisi huo umewaponza wengine: Januari 2022 masanduku mengi ya QNAP yaliyokuwa wazi kwenye intaneti yalifungwa na wahalifu wa DeadBolt waliodai malipo. Kwa buro iliyoko Goma ningelikubali sanduku, mradi lisionekane kutoka nje. Kwa Walikale nasita, kwa sababu likifa, kipuri chake hakipo sokoni, na laptopu ya zamani ipo.

DAKTARI: Unasema Samba, Samba. Ni kitu cha nani? Nisije nikaambiwa baada ya miaka 3 kwamba aliyekiandika amechoka.

FUNDI: Kilianza Canberra, Australia, mwaka 1992, mikononi mwa mwanafunzi mmoja, Andrew Tridgell. Alisikiliza jinsi mashine zinavyozungumza kwenye waya, akaandika programu inayojibu kwa lugha hiyo hiyo. Kwa miaka mingi walikuwa wanabahatisha, maana Microsoft haikutoa maelezo. Machi 2004 Tume ya Ulaya iliiamuru iyatoe. Microsoft ikaenda mahakamani, ikashindwa Septemba 2007. Desemba ya mwaka ule watu wa Samba wakalipa euro 10,000, mara moja tu, wakapata hati zote. Tangu hapo hawabahatishi. Toleo la 4.0 la Desemba 2012 linaweza hata kuendesha domeni, tukiitaka siku moja. Dokta, imeishi kuliko Windows XP, imeishi kuliko Windows 7, na haimhitaji mtu mmoja awe hai.

MHASIBU: Na Mac ya mshauri? Na yule wa Ubuntu? Nimesikia kila mmoja ana njia yake.

FUNDI: Walikuwa nazo. Apple yenyewe ilihamia SMB mwaka 2013 ikaifanya njia yake ya kwanza. Linux ina NFS, ya Sun tangu 1984, nyepesi na nzuri kati ya Linux na Linux. Lakini folda moja ukiigawa kwa njia mbili, kufuli za huku zinaweza zisionekane kule. Mtu wa Ubuntu anafungua bajeti, mtu wa Windows anafungua bajeti ile ile, hakuna anayeonywa, na anayehifadhi mwisho anafuta kazi ya mwenzake. Kwa hiyo wote tupite njia moja, SMB ya sasa, hata Ubuntu.

MAMA TAKWIMU: Na majina ya faili tukubaliane. Yule wa Ubuntu aliandika jina lenye nukta mbili na alama ya kuuliza katikati. Kwake linafunguka. Kwenye Windows jina lilitokea limeharibika, nikashindwa hata kulifuta. Halafu folda ndani ya folda ndani ya folda, kila moja na sentensi nzima ya Kifaransa, hadi Windows inasema njia ni ndefu mno.

FUNDI: Herufi 260. Zikizidi, programu nyingi za Windows zinakwama.

MAMA TAKWIMU: Basi iwe mwaka, juma, jina la kituo, mwisho. Bila nukta mbili, bila alama ya kuuliza. Niandikieni hilo ukutani kabla hamjaleta mashine yoyote.

Namuunga mkono Mama Takwimu kwa moyo wote. Nimeona seva za gharama ambamo ripoti moja ina majina sita, na ya mwisho inaitwa ya mwisho kabisa. Hakuna programu inayotibu hilo.

MAMA TAKWIMU: Lakini mimi nina swali kubwa zaidi. Kwa nini seva? Takwimu za mwezi tunaziingiza kwenye mfumo wa DHIS2, zinakwenda moja kwa moja hadi Kinshasa. Tableti zinajaza hata bila mtandao, zikipata mtandao zinatuma. Si tuweke kila kitu huko juu, kwenye intaneti, tupumzike?

FUNDI: Namba zinakwenda, ndiyo, kwa sababu ni nyepesi. Jaribu skani za mikataba na picha za maghala. Kwenye dishi linalopandisha kilobiti 512 kwa sekunde, gigabaiti moja inachukua zaidi ya saa 4, hata kama hakuna mwingine anayegusa laini. Na mtu mwingine hugusa.

MAMA TAKWIMU: Starlink imeruhusiwa.

FUNDI: Imeruhusiwa Mei 2025, baada ya kupigwa marufuku Machi 2024. Kilichofungwa na kufunguliwa ndani ya miezi 14 kinaweza kufungwa tena. Nitaitumia ikiwepo. Sitaitegemea kwa faili ninalolihitaji saa 2 asubuhi. Faili likae hapa, nakala iende huko usiku.

MAMA TAKWIMU: Kwa laini ile ile nyembamba?

FUNDI: Kuna rsync. Nayo ni ya Tridgell na mwenzake Paul Mackerras, ya mwaka 1996. Inalinganisha faili la huku na la kule, inatuma vipande vilivyobadilika tu. Mara ya kwanza utabeba diski hadi Goma. Baada ya hapo kila usiku zinakwenda megabaiti chache.

MUUGUZI MSIMAMIZI: Nimewasikiliza, wanangu. Mmeongea kama watu wenye umeme.

Alikuwa amefika kutoka upande wa Walikale. Territori ile ni kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara 5 ya Masisi, na sehemu kubwa yake ni msitu. Masisi ina milima na baridi. Walikale ina joto na mvua, na unyevu wake unaota ukungu ndani ya vifaa.

MUUGUZI MSIMAMIZI: Jenereta inawashwa saa chache, mafuta yakiwepo. Sola inajaza betri jua likitoka, na wiki nyingine halitoki. Hiyo seva itakula nini?

FUNDI: Mama, ndiyo maana sitaki seva ya mezani. Hesabu ni hii. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ukitaka idumu usiivushe nusu, kwa hiyo una 600. Kompyuta ya mezani inayokula wati 100 itaimaliza kwa saa 6. Laptopu iliyofungwa kifuniko, inayokula wati 20, inakwenda saa 30. Toa kinachopotea kwenye inveta, bado inavuka mchana na usiku. Na laptopu ina betri yake ndani. Jenereta ikikatika ghafla, yenyewe haishtuki. Kukatika kwa ghafla ndiko kunakoharibu diski, kuliko hata uzee.

MHASIBU: Laptopu ya zamani iwe seva ya zoni nzima? Watatucheka.

FUNDI: Papa, kugawa faili kwa watu 15 si kazi nzito. Mashine ya miaka 8 yenye diski mpya ya SSD inatosha. Ila lazima uiambie isilale kifuniko kikifungwa, la sivyo mtu ataifunga jioni kwa heshima na asubuhi hakuna faili.

MHASIBU: Basi angalau diski mbili, kila kitu kiandikwe pande zote mbili kwa wakati mmoja.

FUNDI: Hiyo inakuokoa diski moja ikifa. Haikuokoi mtu akifuta. Akifuta, zinafuta zote mbili sekunde ile ile. Nataka diski ya pili ya nje inayochukua nakala kila usiku, inayoweka siku 7 za nyuma na majuma 4, na baada ya kunakili inachomolewa. Virusi haviwezi kufunga diski isiyochomekwa.

MUUGUZI MSIMAMIZI: Ataichomoa nani?

FUNDI: Mama Takwimu.

MAMA TAKWIMU: Nikiwa mgonjwa?

FUNDI: Papa Mhasibu.

MHASIBU: Mimi?

FUNDI: Wewe huchelewi kazini, na hupotezi vitu.

MUUGUZI MSIMAMIZI: Na mashine iliyoko Masisi inanisaidia nini mimi Walikale? Hakuna waya kati yetu.

FUNDI: Haikusaidii. Walikale iwe na yake, ya namna ile ile, diski ya namna ile ile, mipangilio ile ile iliyoandikwa kwenye karatasi mbili na kubandikwa ndani ya kabati. Ya Masisi ikifa, ya Walikale inaweza kuchukua diski yake na kuendelea. Nataka mtu ambaye hajawahi kuniona aweze kuisimamisha upya kwa kusoma karatasi zile.

Karatasi zile mbili zinanigusa kuliko mashine. Tumezoea kumwachia fundi mmoja maneno yote ya siri kichwani, na akihama anahama nayo. Kwa buro iliyo umbali wa siku nzima kwa pikipiki kutoka kwa fundi, karatasi iliyoandikwa vizuri, kwa Kiswahili na Kifaransa, ni sehemu ya seva.

DAKTARI: Sasa nisikilizeni. Januari 2025 Masisi-centre iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Mwisho wa mwezi ule ule, Goma. Tarehe 19 Machi, Walikale-centre. Huko wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Maghala ya misaada Goma yaliporwa. Mnaongea betri na herufi 260. Mimi nauliza, siku ya kukimbia tunaondoka na nini, na tunaacha nini?

FUNDI: Laptopu na diski vinaingia kwenye begi moja, Dokta. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, kabla ya kasi na kabla ya bei. Kisichoingia begini hakifai.

DAKTARI: Na begi likichukuliwa njiani?

FUNDI: Diski zote mbili zifungwe kwa msimbo. Asiye na neno la siri ataona takataka tupu.

DAKTARI: Vizuri. Lakini umesema umeme unakatika. Mashine ikizima na kuwaka saa 9 usiku, nani ataandika neno la siri?

Ni swali gumu kuliko yote, nalo halimo katika matangazo ya biashara ya seva. Diski iliyofungwa yote haiamki yenyewe. Lazima mtu aje aandike neno. Ukiiacha ijifungue yenyewe, umemfungulia pia aliyeiiba. Usalama na urahisi vinavutana hapa moja kwa moja.

FUNDI: Tuigawe mara mbili. Fomu, barua, orodha za chanjo, hesabu za dawa: hizo mashine ikiwaka zinapatikana, hakuna anayesubiri. Mafaili ya siri yakae sehemu yake iliyofungwa, na mtu mmoja kati ya wawili waliochaguliwa aifungue anapoihitaji, aifunge akimaliza.

DAKTARI: Mafaili ya siri ni yapi? Tuyataje. Mishahara, sawa. Ila ninayoyawaza mimi ni ya wale waliobakwa.

Mezani pakanyamaza, na nadhani wote waliwaza barabara ile ile. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, territori ya Walikale, watu wenye silaha waliingia katika vijiji 13, Luvungi kikiwamo. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu raia wasiopungua 387 waliobakwa katika siku zile. Ntabo Ntaberi Sheka, mkuu wa mojawapo ya makundi yaliyohusika, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi Goma tarehe 23 Novemba 2020. Ni miaka 10 baadaye. Katika miaka hiyo 10 Windows XP iliachwa, na Windows 7 iliachwa. Faili la mwathirika lililoandikwa 2010 lilipaswa kusomeka 2020, na katika kila siku ya miaka ile lilipaswa lisisomwe na asiyehusika. Seva ya zoni ya afya hapa inapimwa kwa mambo hayo mawili kwa pamoja. Kasi yake hainihusu.

MHASIBU: Kuhusu mafaili kusomeka baada ya miaka, nakubali sasa. Programu yangu inaandika kitu ambacho hakuna programu nyingine inayokisoma. Nikifa mimi na mashine ile, hesabu za miaka 9 zimekufa.

FUNDI: Kila mwisho wa mwezi utoe PDF na CSV, uweke kwenye seva. Mashine yako ibaki na Windows 7, ifanye hesabu, lakini ikatwe kwenye mtandao. Matokeo yasafiri kwa flashi moja tu, ya kazi hiyo tu.

MHASIBU: Kwa hiyo folda yangu ya pamoja inafungwa.

FUNDI: Inafungwa, Papa.

MUUGUZI MSIMAMIZI: Mimi bado nina swali. Msimbo, msimbo. Mtu mwenye bunduki akisimama mbele ya Mama Takwimu akamwambia fungua, afanye nini? Afe kwa ajili ya neno la siri?

FUNDI: Hapana, Mama. Afungue.

MUUGUZI MSIMAMIZI: Basi umewalinda akina nani?

FUNDI: Ndiyo maana wanaobaki wasiwe na ufunguo. Hali ikichafuka, sehemu ya siri inafungwa, na wawili wenye neno wanakuwa wa kwanza kuondoka.

MUUGUZI MSIMAMIZI: Na mwenye bunduki ataamini kwamba aliyebaki hana? Mimi nasema majina yasiingie kabisa. Andika namba. Mama wa namba fulani alipata dawa ndani ya saa 72, alirudi baada ya mwezi, alipimwa. Jina na namba vikutane kwenye daftari moja tu, la karatasi, ambalo halikai buro, na likibidi linachomwa.

DAKTARI: Na mahakama ikimtafuta baada ya miaka 10? Na yeye mwenyewe akirudi kudai cheti chake cha daktari? Daftari likichomwa, tumemlinda na tumemnyima haki yake kwa mkono mmoja.

MUUGUZI MSIMAMIZI: Dokta, cheti chake apewe siku ile ile, akiweke anakotaka yeye. Akitaka tumwekee nakala, aseme. Faili ni lake.

DAKTARI: Wengi hawana pa kukificha. Mume akikiona?

MUUGUZI MSIMAMIZI: Hilo ni kweli.

Mimi niko upande wa Muuguzi kuhusu seva: majina yasiwemo. Kuna uwezekano mdogo mno kwamba buro italazimika kumtaja mtu iwapo jina lake halimo katika mashine, na ufundi wowote wa kufunga diski uko chini ya hapo. Lakini nasikia uzito wa Daktari, na sidhani kuchoma daftari ndiyo njia. Orodha inayounganisha namba na majina inaweza kukaa mbali na mapigano, imefungwa kwa msimbo, mikononi mwa taasisi ambayo mwathirika mwenyewe ameikubali kwa sahihi yake. Hiyo inadai makubaliano kati ya watu, na hakuna duka linaloyauza.

DAKTARI: Tufanye hivi. Seva mbili ndogo za Linux na Samba, moja Masisi, moja Walikale. Diski mbili kwa kila moja, na moja ya ziada Goma. Namba badala ya majina kuanzia mwezi huu. Kuhusu daftari, sijakubali lichomwe. Nataka tulizungumze na wanasheria na wale akina mama wenyewe, tuwaulize wanataka nini kifanyike kwa majina yao.

MUUGUZI MSIMAMIZI: Hao akina mama niachie mimi. Wanasheria ninyi.

MHASIBU: Na risiti za hizo diski nizipate kabla ya Ijumaa.

FUNDI: Utazipata, Papa. Mama Takwimu, kesho saa 2 tuanze na skana.